Punda na mkokoteni: kama kani ziko sawa na zimeelekea kinyume, mbona mkokoteni unaenda?

binti_wa_amu
Asalaam aleikum jamani, nisaidieni kabla sijachanganyikiwa kabisa. Niko kidato cha tatu hapa Lamu, tuko kwa sheria za Newton na zile mbili za kwanza nimezielewa, hii ya tatu ndo inanitoa jasho. Mwalimu kasema kila kani, yaani kila msukumo au mvuto, ina kani ya kuijibu, ukubwa ni ule ule na zimeelekea kinyume. Halafu akachora punda anavuta mkokoteni, mshale mmoja unaenda mbele mwingine unarudi nyuma, urefu sawa. Sasa mimi nikajiuliza, ikiwa punda anauvuta mkokoteni kwa 300 na mkokoteni nao unamvuta punda kwa 300, si zinafutana hapo? 300 toa 300 ni sufuri, na sheria ya kwanza imesema kani zikifutana kitu kilichosimama kitabaki kimesimama. Kwa hio hakuna punda duniani angevuta kitu. Nilipouliza nikaambiwa tutaiangalia kipindi kijacho, kipindi kijacho tukaingia kwa hesabu moja kwa moja, basi swali langu likabaki hewani.

Na la pili, hili nimeliona kwa macho yangu. Boti za kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, zikifika gati hapa Amu (yaani Lamu) kuna watu hawana subira wanaruka kabla haijafungwa. Boti kubwa ikiwa imejaa watu mtu akiruka hata huoni kama imesogea, lakini ule mtumbwi mdogo mtu akiruka unakimbia nyuma na yeye nusura aingie majini. Kama kani ni sawa kwa sawa mbona kimoja kinasonga sana na kingine kidogo? Naomba majibu ya kueleweka tafadhali, si "ndivyo ilivyo".

dereva_wa_tuktuk_mld
Mdogo wangu usijisumbue, mbona rahisi tu. Punda ana nguvu kuliko mkokoteni ndo maana anaenda nao. Hio mishale mwalimu kaichora sawa kwa sababu ya ubao tu, kiukweli ya punda ni ndefu. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba, upande wenye nguvu ndio unaovuta wenzao, umemaliza. Huku Malindi mikokoteni ya punda naipita kila siku barabarani na sijaona hata siku moja mkokoteni umemvuta punda, isipokuwa kwa mteremko lol

maalim_kani
Waaleikum salaam binti. Swali lako ni zuri sana na wala si la kijinga, wanafunzi wengi wanalibeba mpaka siku ya mtihani hawajaliuliza. Na dereva, samahani kaka, jibu lako ndilo lile lile ambalo mtihani unalitega. Mishale ya mwalimu iko sahihi, ni sawa kabisa, iwe punda amesimama, anaanza kutoka au anakimbia.

Kosa liko hapa: binti kachukua kani mbili zinazofanya kazi kwa vitu viwili tofauti akazitoa moja kwa nyingine. Ile 300 ya kwanza inaupata mkokoteni. Ile 300 ya pili inampata punda. Huwezi kuzifuta kwa sababu haziko kwa mwili mmoja. Mimi nikikupiga kofi mkono wangu nao unauma, lakini huwezi kusema maumivu yako na yangu yamefutana basi hakuna aliyeumia. Kwa hio kabla hujaandika kitu chochote, chagua kitu kimoja, chora duara kukizunguka, halafu hesabu kani zinazokigusa hicho tu, za wengine achana nazo.

Haya tuuchukue mkokoteni peke yake. Tuseme na mzigo wake ni kilo 250. Punda anauvuta mbele kwa nyutoni 300, nyutoni ndio kipimo cha kani. Magurudumu na ardhi na ile ekseli kavu isiyopakwa grisi tangu inunuliwe vinaukataza kwa nyutoni 200. Kuna kani nyingine ya kwenda mbele au nyuma inayougusa mkokoteni? Hakuna. Inabaki 100 ya kwenda mbele. Sheria ya pili inasema kani gawa kwa masi, yaani zile kilo za kitu, ndio mchapuko, kiasi kasi inavyoongezeka. Basi 100 gawa kwa kilo 250, kasi inaongezeka kwa 0.4 mita kwa sekunde, kila sekunde. Mkokoteni umetoka na hatujamwonea mtu.

Sasa punda peke yake, tuseme kilo 150. Mkokoteni unamvuta nyuma kwa 300, hio ni kweli na yeye anaisikia kifuani kwa ile mikanda. Mbona haendi nyuma? Kwa sababu kwato zake zinasukuma ardhi kuelekea nyuma, na ardhi nayo kwa sheria hio hio ya tatu inamsukuma yeye mbele. Tuseme kwa nyutoni 360. Toa 300 inabaki 60, gawa kwa kilo 150, unapata 0.4. Angalia, ni 0.4 ile ile, lazima iwe hivo manake wamefungwa pamoja, mmoja hawezi kuongeza kasi kumshinda mwenzake kamba isikatike au isilegee.

Na ukitaka kujihakikishia wachukue wote wawili kama kitu kimoja. Hapo zile 300 na 300 ziko ndani ya duara lako, sasa ndo unaweza kuzisahau. Zinabaki za nje tu, 360 mbele na 200 nyuma, tofauti 160, masi ya wote ni kilo 400, jibu 0.4 tena. Namba nimezitunga mimi ili zigawanyike vizuri, lakini mpango wenyewe ndio huo kwa punda yeyote.

dereva_wa_tuktuk_mld
Sawa maalim lakini kwenye kuvuta kamba hujanijibu. Timu moja inashinda, inashinda vipi kama wanavutana sawa?

maalim_kani
Kamba inawavuta wote kwa kani ile ile, ukiacha uzito wa kamba yenyewe ambao ni kidogo. Anayeshinda ni yule aliyeisukuma ardhi kwa miguu zaidi. Ndio maana wanachimba visigino mchangani, na ndio maana ukiwapa timu ya mabaunsa waliovaa soksi juu ya sakafu ya vigae na ukawapa watoto wa shule waliovaa viatu vya mpira, mabaunsa watakokotwa wakicheka. Misuli unayo lakini bila msuguano hauna pa kuitia.

mama_samaki_langoni
Mimi fizikia niliiacha zamani lakini hili la sawa kwa sawa unaweza kulijaribu, usiamini mtu. Nenda pale wanapouza samaki uombe mizani mbili zile za kuning'iniza, za springi, zenye ndoano chini na pete juu. Zifunge ndoano kwa ndoano. Wewe shika pete ya moja, mwenzako ashike pete ya nyengine, halafu vutaneni taratibu. Ile yako ikisoma kilo 10 na yake inasoma kilo 10. Mwambie yeye asivute, ashikilie tu, wewe ndio uvute: bado ziko sawa. Hapo ndipo watu hushangaa, manake mtu anaona kabisa "mimi sikuvuta" na mizani yake imepanda sawa na ya mwenzake.

Halafu fanya hivi, mwenzako avae ndara akae juu ya gunia kwenye sakafu laini, wewe umkokote polepole na mizani zikiwa zimefungwa vile vile. Anakuja, na bado mshale wa huku na mshale wa kule unasoma pamoja. Kijana wangu alifanya hii na mwenzake barazani, mshale wa mizani ya kwanza ulikuwa unatetema kati ya 8 na 9 na wa pili unatetema nao, ukipanda huu na ule unapanda, mpaka bibi akawafukuza manake gunia lilikuwa la mchele wake na lilianza kutoboka. Hakikisha tu mizani zote zinaanzia sufuri kabla hamjazifunga, hizi za sokoni nyingine zinaanzia nusu kilo na mwenyewe anajifanya hajui.

binti_wa_amu
Ahsanteni sana wallahi, hio ya kuchora duara imeniingia. Mama mizani ntazitafuta jioni. Kwa hio kinachompeleka punda mbele ni ardhi, si misuli yake? Naona ajabu kidogo kuliandika hivo kwa karatasi ya mtihani.

Na swali jengine kaka maalim kabla sijasahau, kwenye daftari nimeandika kwamba kapu la samaki juu ya meza, uzito wake unashuka chini na meza inalisukuma juu, hizo ni kitendo na jibu lake. Ni sawa?

maalim_kani
Liandike tu. Misuli inafanya kwato zisukume, lakini kani ya nje inayomsogeza punda mbele inatoka kwa ardhi. Mweke punda huyo huyo juu ya ngazi za diko zile za chini zenye ukoga wa kijani uone misuli itampeleka wapi. Msuguano watu wameuzoea kama adui, kwa magurudumu ni adui kweli, kwa kwato ndio unaomtembeza.

Kuhusu kapu, hapana, futa hio, na umefanya vizuri kuuliza kwa sababu hata vitabu vya mazoezi vinawakoroga watu hapo. Uzito wa kapu na msukumo wa meza viko sawa na vimeelekea kinyume, kweli, lakini vyote viwili vinaligusa kapu. Kani za sheria ya tatu haziwezi kugusa kitu kimoja. Hizo ziko sawa kwa sababu kapu limetulia, hio ni habari ya sheria ya kwanza. Ukitaka dalili, weka kapu ndani ya lifti inayoanza kupanda: msukumo wa sakafu ya lifti unakuwa mkubwa kuliko uzito, hazilingani tena. Jozi za sheria ya tatu hazivunjiki hivo hata lifti ifanye nini.

Jozi halisi ni hizi: dunia inalivuta kapu chini, kapu nalo linaivuta dunia juu. Hio moja. Kapu linaikandamiza meza, meza inalisukuma kapu. Hio ya pili. Ukiona jozi, majina yale yale mawili yanabadilishana nafasi tu, A kwa B na B kwa A. Likiingia jina la tatu ujue umechanganya.

baharia_mstaafu
Nyinyi mmekaa na punda mkasahau chombo, na mwana kauliza la boti. Mimi nimeendesha boti na mashua toka kijana, ntasema nilionalo.

Kabla ya injini kuja tulikuwa tunatia pondo. Ule mti mrefu unautia mpaka chini mtangani, unausukuma nyuma na chombo chenda mbele. Hakuna aliyekuwa akisukuma chombo, utakisukuma vipi na wewe u ndani yake? Unasukuma mtanga, mtanga unakujibu, na wewe miguu yako imeshika chombo basi mwenda pamoja. Sasa mahali pa matope pondo lanasa. Baharia mgeni hataki kuliachia, yeye kalikumbatia pondo, chombo kina mwendo wake hakimngoji, mwishowe chombo kimekwenda na yeye yuko juu ya pondo katikati ya mai. Tumecheka sana kwa hayo. Na injini ni mambo yale yale, parafujo inarusha mai nyuma, mai yanasukuma boti mbele, ukisimama tezi, huko nyuma ya chombo, wayaona yale mai yakifoka.

La kuruka gatini. Boti ikishafungwa kamba, mtu akiruka boti haendi popote, kwa kuwa kamba imeishika na gati, na gati limeshika nti. Isipofungwa itarudi tu. Kwa mtumbwi mwepesi mimi sijaruka kabisa, nashika gati kwa mkono kwanza niuvute uje, ndipo nipande. Hesabu yake mwachie maalim.

maalim_kani
Mzee umemaliza, mimi ni namba tu zimebaki.

Binti una kilo 50, mtumbwi kilo 100. Unaruka kwa kuusukuma kwa nyutoni 250, na mguu unabaki umegusa ubao kwa 0.4 ya sekunde kabla hujaachia. Mtumbwi nao unakusukuma wewe kwa 250, sawa kabisa. Kwako wewe 250 gawa kwa 50 ni 5, zidisha na 0.4, unaondoka kwa mita 2 kwa sekunde. Kwa mtumbwi 250 gawa kwa 100 ni 2.5, zidisha na 0.4, unarudi nyuma kwa mita 1 kwa sekunde. Kani moja, muda mmoja, lakini masi tofauti, hio ndio sheria ya pili inaingia kuamua nani asonge sana. Ndio maana mwalimu wenu asingeweza kuifundisha ya tatu bila ya pili, ya tatu inakwambia kani ni sawa tu, haikwambii nani atakimbia.

Sasa badilisha mtumbwi weka boti ya kilo 2000 pamoja na watu wake. Ruka vile vile. 250 gawa kwa 2000 ni 0.125, mara 0.4 ni 0.05. Sentimita 5 kwa sekunde, na maji yanaipunguza hapo hapo. Utaionaje na wewe uko hewani unaangalia pa kukanyaga?

Na mtumbwi unakuletea balaa jengine ambalo watu hawalioni, ile mita 2 ni kasi yako ukiangaliwa na mtu aliyesimama gatini. Ukiangaliwa kutoka kwa mtumbwi mmeachana kwa mita 3 kila sekunde. Mguu wako umezoea kwamba ukijinyoosha kwa kasi hii kwenye barabara unapata mita 3 zako zote, hapa mtumbwi umekula moja. Unatua kabla ya ulipopiga hesabu kutua, na hapo chini ni maji.

dereva_wa_tuktuk_mld
Haya mimi nina moja la mwisho halafu niwaache, abiria wananiita. Mmesema punda anaisukuma dunia nyuma. Kwa hio dunia inarudi nyuma? Punda wote wa Lamu wakianza kutembea asubuhi kuelekea Shela si tungesikia

mama_samaki_langoni
😂😂 huyu naye. Lakini hata mimi nataka kujua

maalim_kani
Inasogea, kwa hesabu. Lakini usisahau mkokoteni: kwato zinaisukuma dunia nyuma kwa 360, magurudumu yanaikokota mbele kwa 200, kwa hio anayebaki na deni ni 160 tu. Masi ya dunia ni karibu kilo 6 ikifuatwa na sufuri 24. Gawa 160 kwa hio. Unapata sufuri nukta, halafu sufuri nyingine 22, ndipo inakuja 2. Hakuna chombo cha kupima hicho kitu. Na punda akija kusimama mwisho wa safari anaisukuma dunia mbele, kwa hio kile kidogo kilichoibiwa kinarudishwa.

Punda wote wa Lamu waongeze tu kwenye juu ya hesabu, sufuri za chini hazitishiki. Binti hii wewe ifanye mwenyewe: chukua punda 3000, kila mmoja na mkokoteni wake wa namba zile zile, wote watoke kwa pamoja kuelekea upande mmoja, utafute dunia inapata mchapuko gani. Andika na yuniti, usiniletee namba tupu.

binti_wa_amu
160 mara 3000 ni 480,000 nyutoni. Gawa kwa 6 yenye sufuri 24. Nimepata 8 gawa kwa 10 yenye kipeo cha 20, mita kwa sekunde kwa sekunde. Yaani sufuri nukta sufuri 19 halafu 8?

maalim_kani
Ndio hio.

dereva_wa_tuktuk_mld
Basi punda watembee tu